Boti ya kuvulia besi kwenye maziwa makubwa: mambo niliyojifunza baada ya kuinunua

Msukuma wa Michigan (mleta uzi)

Habari za jioni wanajukwaa. Nimeulizwa mara nyingi kwa ujumbe wa faragha kuhusu boti yangu, na kwa kuwa maswali karibu yote ni yale yale, nimeona niyajibu hapa kwa pamoja. Ninaishi Michigan, Marekani, si mbali na Ziwa St. Clair. Ninavua kwa kujiburudisha tu, si kwa biashara, na huu ni msimu wangu wa saba nikiwa na boti ya aina ambayo Wamarekani huiunda mahususi kwa ajili ya samaki wa maji baridi aitwaye besi. Sitaipamba, kwa sababu wanaouza boti hizi wameshaipamba vya kutosha.

Kwa wasioifahamu, hii ni boti ya faiba yenye urefu wa futi 17 hadi 21, pana na bapa, ambayo kingo zake huinuka kidogo tu juu ya maji. Mbele na nyuma kuna jukwaa tambarare lililotandikwa zulia, ambapo mvuvi husimama wima akirusha chambo. Nyuma huning'inia injini moja kubwa, mara nyingi ya nguvu za farasi 150 hadi 250, na omoni, yaani kwenye pua ya boti, kuna mota ndogo ya umeme inayoendeshwa kwa mguu ili mikono ibaki kwenye fimbo. Chini ya sakafu yamo matangi yenye pampu ya kuzungusha maji, kwa kuwa besi huhifadhiwa hai, hupimwa, kisha wengi wetu humrudisha ziwani. Kwenye maji matulivu, boti hii hukimbia maili 60 kwa saa na zaidi, nayo hugusa maji kwa sehemu ndogo tu ya nyuma.

Ni vizuri kukumbuka boti hii ilizaliwa wapi. Ile inayohesabiwa kuwa ya kwanza iliundwa mwaka 1948 na Holmes Thurmond huko Shreveport, Louisiana, kwa ajili ya maji ya kusini yenye visiki, matete na vijito vyembamba. Alichohitaji mvuvi wa kule ni chombo kisichoyumba anaposimama, kinachopita penye maji ya kufika gotini, na kisichokamatwa na upepo kwa kuwa kiko chini. Sifa hizo tatu ndizo zinazokugeukia unapoipeleka kwenye ziwa ambalo ng'ambo yake haionekani. Kingo fupi huruhusu wimbi kuingia, tumbo bapa hupigwa na kila tuta la maji, na jukwaa la mbele, lililo pana na wazi, hupokea maji kama sinia.

Ziwa St. Clair halimo hata katika yale Maziwa Makuu matano ya Amerika Kaskazini. Eneo lake ni takriban kilomita za mraba 1,100 na kina chake cha wastani ni kama mita 3 na nusu. Jirani yake wa kusini, Ziwa Erie, lina kilomita za mraba zipatazo 25,700, na kina cha wastani cha mita 19, lakini pembe yake ya magharibi, tunakovua sisi, haizidi sana mita 7 kwa wastani. Mgeni akisikia vina hivyo hudhani kwamba ziwa la kina kifupi ni ziwa salama. Mambo ni kinyume chake: maji mafupi huchafuka haraka, na mawimbi yake huwa yamesimama wima na kusongamana, kiasi kwamba boti haijamaliza kushuka wimbi la kwanza kabla ya la pili kufika. Wimbi la futi 3 la hapa linachosha kuliko wimbi la mita 2 la bahari kuu lililo refu na la taratibu.

Tunaenda huko kwa sababu ya samaki wenyewe. Kome wadogo wenye mistari, waliogunduliwa Ziwa St. Clair mwaka 1988 baada ya kuletwa na meli za ng'ambo, waliyachuja maji hadi yakawa maangavu, kisha akaja samaki mgeni aitwaye gobi, aliyeonekana mara ya kwanza katika Mto St. Clair mwaka 1990, akawa chakula kizuri cha besi wa mdomo mdogo. Besi hao wamenenepa. Hilo ni jambo jema lililotokana na janga, na wanasayansi wana mengi ya kulalamikia juu yake, lakini tuyaache hayo.

Sasa niwasimulie siku iliyonifundisha kazi. Ilikuwa Mei, msimu wangu wa pili, na shemeji yangu aliyezaliwa na kukulia visiwa vya Ukerewe alikuwa amekuja kututembelea. Tuliteremsha boti upande wa magharibi wa ziwa saa moja asubuhi, upepo ukivuma kutoka magharibi, na maji ya karibu na ufuko yalikuwa kama sahani, kwa kuwa nchi kavu ilikuwa inatukinga. Tulikwenda mashariki maili kama kumi na mbili huku upepo ukiwa mgongoni. Upepo wa mgongoni huusikii. Boti inakimbia nao, kofia haitikisiki, na unajiambia kwamba utabiri ulitia chumvi. Tulivua hadi saa tano. Tulipogeuka kurudi, ziwa lilikuwa limegeuka ziwa jingine.

Kosa langu lilikuwa la kuendesha kama ninavyoendesha barabarani, yaani nikipata nafasi natia moto. Boti ilipanda wimbi moja, ikaruka kidogo, ikashuka na pua yake ikazama moja kwa moja kwenye ubavu wa wimbi lililofuata. Maji yalipita juu ya jukwaa la mbele, yakapiga kioo kidogo cha mbele yangu na kutujaa mapajani. Nikawasha pampu ya ngama, ile inayotoa maji yaliyoingia chini ya sakafu ya boti. Nilisikia mlio wake lakini pale pa kutemea maji halikutoka hata tone. Shemeji hakusema neno. Alifungua masanduku ya mbele, akatoa nanga, mikoba miwili ya vyambo na boksi la barafu, akavihamishia nyuma kimoja kimoja huku akitambaa kwa magoti. Kisha akafungua kifuniko cha ngama, akaingiza mkono hadi kwenye bega na kutoa mkia wa chambo cha mnyoo wa plastiki, wa kijani, urefu wa kidole, uliokuwa umenasa kwenye wavu wa pampu. Maji yakaanza kutoka. Akaniambia, "Shemeji, sasa nenda polepole, pua juu, na usimpe wimbi ubavu." Tulitumia saa mbili kurudi umbali tuliokuwa tumeumaliza asubuhi kwa dakika kumi na tano.

Tangu siku hiyo siulizi kama upepo utaniruhusu kwenda. Ninauliza utakuwa unatoka wapi saa ninayotaka kurudi. Upepo ukiwa unatoka upande nilikoteremshia boti, sivuki katikati ya ziwa, hata kama asubuhi ni shwari namna gani; ninavua kando ya ufuko wangu, au ninafunga boti kwenye trela na kuendesha gari nusu saa hadi upande mwingine, ili upepo uwe wa kunirudisha nyumbani.

Kuhusu uendeshaji wenyewe. Mawimbi ya kutoka mbele yakiwa ya futi 1 hadi 2, injini huinamishwa ndani kidogo, pua ishuke, na ile sehemu yenye ncha ya tumbo la boti ikate maji. Safari huwa laini. Yakizidi hapo, hesabu inageuka: punguza mwendo, inua pua kwa kuitoa injini nje taratibu, na uyapande mawimbi kwa mshazari wa nyuzi kama 45 badala ya kuyakabili uso kwa uso. Mkono hauondoki kwenye moto, yaani kishikio cha kuongeza na kupunguza mwendo. Unaongeza kidogo unapopanda, unapunguza kabla ya kufika kileleni, na unaongeza tena mara boti inapogusa maji, kwa sababu ukiondoa moto ghafla pua inaanguka. Pangaboi la chuma kisichoshika kutu lenye mapanga manne hukamata maji vizuri zaidi kuliko la matatu katika hali hii, ingawa litakupunguzia mwendo wa kujivunia.

Mawimbi ya kutoka nyuma ndiyo ninayoyaogopa zaidi. Ukiyapita mbio, utashuka kwenye mteremko wa wimbi na kuchoma pua kwenye mgongo wa wimbi la mbele. Ukienda polepole mno, yatakuingia kwa nyuma, ambako ukuta wa boti umekatwa ili injini ikae. Inabidi ukae kwenye mgongo wa wimbi moja na kwenda nalo, pua ikiwa juu, kwa subira ya mtu anayefuata lori kwenye barabara nyembamba.

Injini ikizimika katikati ya ziwa, boti hujigeuza yenyewe na kukaa ubavu kwa wimbi. Jambo la kwanza si kufungua kifuniko cha injini, bali kuhakikisha pua inaelekea upepo: shusha nanga kutoka mbele, au mwavuli wa maji, yaani mfuko wa kitambaa unaokokotwa majini, au ile mota ya umeme ambayo siku hizi inaweza kushika mahali pamoja kwa msaada wa setilaiti. Usifunge nanga nyuma kamwe.

Mawili ya kisheria. Tangu tarehe 1 Aprili 2021, kwa sheria ya shirikisho ya Marekani, dereva wa boti iliyo chini ya futi 26 yenye injini ya nguvu za farasi 3 au zaidi analazimika kujifunga kamba ya kuzimia injini boti inapokimbia. Kamba hiyo ni ya bei ya soda chache, nayo, ukianguka majini, huzima injini ili boti isizunguke na kukurudia pangaboi likiwa linasaga. La pili wengi hawalijui: kanuni za shirikisho zinazolazimisha kibandiko cha uzito unaoruhusiwa, na kiasi cha povu la kuifanya boti ielee wima hata ikijaa maji, zinahusu boti zilizo chini ya futi 20. Yangu ina futi 20 na ushei. Niligundua hilo nikiwa nimeshalipa.

Karibuni kwa maswali.

Mwana wa Kirumba

Kaka, nashukuru kwa maelezo yaliyoshiba. Mimi niko Mwanza na nimekuwa nikiwaza kuagiza boti ya aina hii iliyotumika, niwe ninawatembeza watalii wanaotaka kuvua sangara kwa fimbo. Nimeona picha za boti hizo mitandaoni na kwa kweli zinavutia. Je, kwa maoni yako itafaa Ziwa Victoria? Na gharama halisi ikoje ukiacha bei ya kununulia?

Msukuma wa Michigan

Ndugu yangu, nianze na gharama kwa kuwa ni rahisi kuzieleza. Boti mpya ya futi 21 yenye vifaa vyote inagharimu kama nyumba, na mimi sina fedha hiyo. Nilinunua ya mwaka 2006, yenye farasi 200, kwa dola 17,500 pamoja na trela. Kanuni ya mafundi ni kwamba injini ya petroli ikikanyagwa hadi mwisho hula kwa saa galoni sawa na moja ya kumi ya nguvu zake za farasi, yaani yangu ni galoni 20 hivi, au lita 75. Ndiyo maana siikanyagi hadi mwisho.

Halafu kuna betri. Mota ya umeme yenye nguvu ya kushindana na upepo wa ziwa kubwa inahitaji volti 36, maana yake betri tatu, na ya nne ni ya kuwashia injini na kuendesha pampu na vipima kina. Betri za risasi za aina hiyo zina uzito wa takriban kilo 30 kila moja, na zote hukaa nyuma. Kuna impela, yaani kigurudumu cha mapanga ya mpira kinachosukuma maji, ndani ya pampu ya kupozea injini, ambayo mimi hubadilisha kila baada ya misimu miwili hata kama bado inafanya kazi. Oili ya gia huibadilisha kila vuli, kabla ya baridi, na huimwaga kwenye chombo cheupe ili niione rangi yake: ikiwa kama chai ya maziwa, maji yameshapenya kwenye sili, na maji hayo yakiganda wakati wa baridi yatapasua nyumba ya gia. Trela nayo ina beringi zinazozamishwa majini zikiwa moto kila unaposhusha boti. Grisi ni rahisi kuliko kulala barabarani usiku wa manane na tairi lililochomoka, jambo ambalo nimelifanya mara moja na sitaki kulirudia.

Kuhusu Ziwa Victoria, nitakujibu kama ndugu: hapana, usiagize. Ziwa letu lina kilomita za mraba zipatazo 68,800 na kina cha wastani cha mita 40, na unajua kuliko mimi jinsi dhoruba za radi zinavyojijenga juu yake usiku na kumkuta mtu alfajiri akiwa bado yuko mbali. Zaidi ya hapo, injini ya farasi 200 hunyonya maji ya kujipozea kupitia matundu madogo, na gugu maji litayaziba kabla hujafika Saanane. Fundi wa Mwanza anaijua injini ya farasi 15 au 40 kama anavyozijua kucha zake, na vipuri vyake viko dukani. Hii kubwa yenye kompyuta ndani itakaa miezi ikisubiri kifaa kimoja kutoka nje. Kwa watalii wa sangara, chukua boti yenye kingo za juu, mkuku uliochongoka na injini mbili ndogo, ili moja ikifa nyingine ikurudishe.

Bint wa Shela

Salamu kwako mleta uzi. Mimi nimezaliwa Lamu, na marehemu babu yangu alikuwa nahodha wa jahazi, kwa hiyo nimesoma uzi wako nikitabasamu. Huo mshazari wa nyuzi 45 unaousema ndio kwenda joshi, yaani kuukabili upepo kwa mshazari, isipokuwa sisi tulilazimishwa na tanga na nyinyi mmelazimishwa na wimbi. Hata neno mrama, ambalo leo watu hulitumia kwa mambo yaliyoharibika, asili yake ni mwendo wa chombo kinachoyumbishwa na bahari.

Swali langu ni hili. Kama boti haina kingo, haina mkuku wa maana na imeundwa kwa mabwawa, kwa nini usinunue nyingine? Upande wa Tanzania, Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari ya upepo wa kilomita 40 kwa saa, wenye vyombo vidogo hukaa pwani, hata wale ambao vyombo vyao vina tumbo la kubeba tani kadhaa.

Msukuma wa Michigan

Dada yangu, umenipiga penyewe. Huku kwenye Maziwa Makuu onyo la vyombo vidogo hutolewa upepo unapofikia kiwango hicho hicho, kilomita 40 kwa saa hivi, au mawimbi yanapozidi futi 4. Boti yangu hukaa nyumbani muda mrefu kabla ya hapo. Mimi binafsi hukata safari ya katikati ya ziwa utabiri ukisema futi 2 hadi 3, kwa sababu utabiri hutaja urefu wa mawimbi makubwa ya kawaida, na miongoni mwake hujitokeza machache yanayozidi hapo sana.

Kwa nini sikununua nyingine? Boti ya aluminiamu yenye tumbo la ncha kali, ambayo wenyeji huitumia kwa samaki wengine, ingenirudisha nyumbani kwa starehe zaidi, sikatai. Lakini ni ndefu juu ya maji, upepo huikamata na kuizungusha unapojaribu kutulia juu ya mwamba mmoja wenye samaki, na huwezi kusimama omoni saa nane ukirusha chambo bila kuchoka kiuno. Boti ya besi inashinda kwa saa nane za kuvua na inashindwa kwa saa moja ya kurudi. Nilichagua saa nane. Baada ya ile siku na shemeji nilitangaza kuiuza, nikaweka tangazo, akaja mteja, na nikagundua kwamba ninamtajia kasoro zake zote ili asinunue.

Mkongomani wa Windsor

Ndugu, mimi niko upande wa Canada, na kazi yangu ya mapumziko ni ile ile yako, ila mimi nakwenda zaidi Ziwa Erie. Ninaomba kuongeza jambo moja ambalo halimo katika maelezo yako. Ziwa Erie limelala kutoka kusini-magharibi kwenda kaskazini-mashariki, karibu kilomita 388, na upepo ukivuma kwa nguvu kufuata urefu huo, unayasukuma maji yote upande mmoja kama mtu anayeinamisha beseni. Maji hupanda Buffalo, kwenye ncha ya mashariki, na kushuka Toledo, kwenye ncha ya magharibi, na katika dhoruba kubwa tofauti kati ya miji hiyo miwili imewahi kupita mita 2 kwa mbali. Mwaka mmoja niliteremsha boti upande wa magharibi asubuhi, nikavua nyuma ya kisiwa nikiwa nimejikinga na upepo, nikajiona mjanja. Niliporudi jioni, mteremko wa kushushia boti ulikuwa umeishia hewani. Mbele yake palikuwa na matope, kome na kiti kimoja cha plastiki. Nililala ndani ya boti hadi upepo ulipotulia na maji kurudi. Kwa hiyo anayeangalia utabiri aangalie pia kina cha maji kwenye vituo vya kupimia, kwa maana vipimo hivyo hutolewa hadharani saa zote.

Tena kuna meli. Njia ya meli inakata Ziwa St. Clair katikati, na baadhi ya meli za huku zina urefu wa futi 1,000. Zikipita, mawimbi yake hukufikia dakika kadhaa baadaye, wakati umeshasahau kwamba kulikuwa na meli, nawe umesimama omoni kwa mguu mmoja kwa sababu mwingine uko kwenye pedali.

Msukuma wa Michigan

Asante sana ndugu wa Windsor, hilo la beseni nilipaswa kulisema mimi. Nami niongeze la baridi, maana wasomaji wetu wa nyumbani hawalifikirii. Mwezi wa tano maji ya huku yanaweza kuwa nyuzi 10 za Selsiasi. Kanuni wanayotufundisha ni ya moja, kumi, moja: dakika moja ya kuhema ovyo ambamo unatakiwa ujitulize tu, dakika kama kumi ambamo mikono bado inakutii, na saa kama moja kabla ya baridi kukupotezea fahamu. Anayejua kuogelea na asiyejua hutofautiana kidogo sana baada ya zile dakika kumi. Jaketi la uokozi huvaliwa kuanzia kwenye trela, kwa kuwa halivaliki ukiwa ndani ya maji hayo.

Kibarua wa Naivasha

Nimeupenda uzi huu kwa sababu huku kwetu Naivasha tunaye huyo huyo besi, wa mdomo mkubwa, aliyeletwa kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920 ili wazungu wavue kwa starehe. Ziwa letu ni dogo mno ukilinganisha na hayo yenu, lakini kila alasiri upepo hushuka na kulichafua, na sisi tuna viboko, ambao hawana taa wala honi. Nilitaka kuuliza kuhusu ile pampu ya ngama. Je, uliweka kinga gani ili isizibwe tena? Yangu huzibwa na majani kila wiki.

Msukuma wa Michigan

Karibu sana. Kwanza niliweka pampu ya pili, kubwa kuliko ya kwanza, iliyoinuliwa inchi mbili juu ya sakafu ya ngama, yenye swichi ya kuelea na waya wake wenyewe kutoka kwenye betri, ili ifanye kazi hata kama nimezima kila kitu. Ile ya chini ikizibwa, ya juu huamka maji yakiifikia. Pili, kila nikimaliza kuvua ninaokota vipande vyote vya plastiki vilivyokatika, hata kile cha ukubwa wa punje ya mchele, na kuvitia kwenye kopo lenye kifuniko lililofungwa chini ya usukani. Tatu, boti ikiwa kwenye trela ninatoa kizibo cha nyuma, ninamwaga ndani ndoo moja ya maji na kutazama kinachotoka. Kizibo huku ni lazima kitolewe kwa vyovyote, kwa kuwa tangu mwaka 2019 sheria ya Michigan inataka boti iondolewe majani na imwagwe maji yote kabla ya kuingia barabarani, isije ikasafirisha kome kwenda ziwa jingine. Kwako majani yakizidi, jaribu kuizungushia pampu kikapu cha wavu wa matundu makubwa kidogo, usio mzito. Wavu wa matundu madogo utaziba wenyewe.

Kizibo chenyewe, kikishatoka, ninakifunga kwenye mshipi mmoja na ufunguo wa kuwashia injini. Nimewahi kuishusha boti bila kizibo mbele ya watu wapatao ishirini, na wote walikuwa na maoni.

Mwana wa Kirumba

Kaka, nimekubali, siagizi. Swali la mwisho na unisamehe kama ni la binafsi: mkeo huja nawe ziwani?

Msukuma wa Michigan

Huja, Juni hadi Agosti, asubuhi tu. Tulikubaliana kwamba yeye ndiye anayetamka saa ya kurudi, na hatoi sababu. Pale tunaposhushia boti kuna bendera kwenye mlingoti. Tukiwa karibu huitazama hiyo, tukiwa mbali hutazama vilele vya mawimbi kama vimeanza kuwa vyeupe. Jumamosi iliyopita alitamka saa tatu na nusu, besi wakiwa wanakula kuliko siku zote za msimu huu. Nilikunja fimbo. Tulifika saa nne, nikaanika jaketi, nikatoa kizibo, na hadi saa saba mchana upepo ulikuwa haujavuma.

Hilo bado tunalijadili nyumbani.